Mkono wa Mtu

Usiku wa Jumatatu, tarehe 24 Novemba 2025, nilikuwa nimekaa juu ya begi langu kwenye uwanja wa ndege wa Delhi, nikitazama ubao wa safari. Safari yangu ilikuwa imefutwa. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania tunaosoma huku kwamba ndege za kuelekea Ghuba zinafutwa kwa sababu ya majivu ya volkano. Jibu la kwanza liliingia kabla sijairudisha simu mfukoni: "Wewe si wa Sumbawanga? Panda ungo."

Nilicheka. Nakiri hilo mapema, maana mengi ya haya ninayoandika ni ya kukiri. Nilicheka huku Babu yangu akiwa mochwari, na mazishi yake yakinisubiri mimi.

Mtu yeyote aliyetoka Ufipa ameuzoea utani huo. Ukitaja unakotoka, Mtanzania mwenzako anajisogeza pembeni kidogo, kisha anatabasamu. Wazee wetu hutueleza kwamba jina lenyewe, Sumbawanga, ni agizo: tupa uchawi. Uache hapo, usiingie nao mjini. Nchi nzima imelisikia neno uchawi na kulisahau neno tupa. Nimekua nikijitetea kwa hoja hiyo ya sarufi, na nilidhani ninaielewa. Novemba ile ilinionyesha kwamba sikuwa nimewahi kujiuliza swali la pili: ukishautupa uchawi, lawama unaipeleka wapi?

Mlima ulionizuia unaitwa Hayli Gubbi, uko Afar, kaskazini mashariki mwa Ethiopia. Ulilipuka Jumapili ya tarehe 23 Novemba, kwenye saa tano na nusu asubuhi kwa saa za kwetu. Majivu yalipanda takriban kilomita 14 angani, yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemeni na Omani, yakaingia Pakistani na kaskazini mwa India. Kituo cha Toulouse, Ufaransa, ambacho ni kimoja kati ya 9 duniani vinavyofuatilia majivu ya volkano kwa ajili ya ndege, kilitoa tahadhari, na usiku wa Jumatatu wingu lilikuwa juu ya Delhi. Aliyesimama chini hakuona kitu. Delhi ya Novemba ina moshi wake yenyewe.

Majivu ya volkano si kama ya jikoni. Ni chembe za mwamba na kioo. Zikiingia kwenye injini ya ndege, joto la ndani huziyeyusha, zikaganda kwenye mapanga ya injini, na injini inaweza kuzimika. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways iliingia usiku kwenye majivu ya mlima Galunggung, kisiwani Java, na injini zake zote 4 zikazimika. Iliteremka ikielea hewani hadi ilipotoka kwenye wingu, injini zikawaka tena, na hakuna aliyekufa. Kwa hiyo shirika lililofuta safari yangu lilifanya lililo sawa. Nilijua hivyo usiku uleule. Mbele yangu kwenye foleni, hata hivyo, bwana mmoja mwenye suti nzuri alikuwa akimfokea binti wa kaunta: lazima kuna mtu wa kuwajibika hapa! Binti alikuwa na umri kama wangu. Alirudia kusema samahani, kana kwamba yeye ndiye aliyeuwasha ule mlima.

Nilimwonea huruma, nikamdharau yule bwana. Nilifikiri: huyu naye ni mtu wa kijijini, ila amevaa suti.

Babu alinilea tangu nikiwa darasa la kwanza, wakati mama anafanya kazi Mpanda. Kijiji chetu kiko upande wa Kaengesa, mahali ambapo upepo wa nyanda za juu haupumziki na wageni hushangaa kukuta Watanzania wamevaa makoti mwezi wa saba. Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya falsafa India, Babu aliuza maksai wake wawili ili nipate nauli. Maksai ndio jembe la nyumba. Mwaka ule alilimiwa na jirani kwa kukopa, akasema tu kwamba na yeye alikuwa amechoka kuwafuata ng'ombe nyuma.

Alifariki Jumapili ileile ya mlipuko, saa mbili usiku. Mjomba akanipigia. Nilimwambia nina tiketi ya kesho yake usiku. Nikifika Dar es Salaam Jumanne nitalala, Jumatano asubuhi nitapanda ndege hadi Songwe, kisha gari kupitia Tunduma na Laela, na alasiri nitakuwa nyumbani. Wakapanga kuzika Jumatano saa kumi.

Safari ilipofutwa, kiti cha karibu kabisa kilikuwa cha Alhamisi usiku. Jumanne Mjomba alipiga tena.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Tufanyeje? Tukusubiri?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wengi. Niliijua hesabu bila kuambiwa. Mochwari inahesabu siku. Waombolezaji wanakula mchana na usiku. Novemba ghala liko chini, mvua zimeanza, na kila anayekaa msibani ana shamba linalomsubiri. Nikasema, "Mzikeni, mjomba."

Alinyamaza kidogo. "Usijilaumu," akasema. "Hili si kosa lako. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nilishukuru. Ndiyo, neno ni hilo: nilishukuru.

Jioni binamu yangu, kijana mwerevu anayetengeneza simu pale mjini Sumbawanga, aliandika kwenye kundi la ukoo. Alikuwa amesoma habari zote. Vyombo vya habari vilikuwa vikisema kwamba hakuna kumbukumbu ya Hayli Gubbi kulipuka kwa miaka takriban 12,000. Akauliza: "Mlima umelala miaka 12,000, uamke siku hiyohiyo anayokufa mzee, umzuie mjukuu wake asimzike? Hapa pana mkono wa mtu."

Kisha mwingine akamtaja mtu mwenyewe. Alikuwa dada yake Babu, bibi yetu, mjane anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Siku naondoka, Julai 2024, alinishika mkono mbele ya watu wote akasema: "Unakwenda mbali, mjukuu wangu. Kaka yangu akifa hutamwona." Siku ile yalikuwa maneno ya kizee, ya kuaga. Sasa yakawa ushahidi. "Amemfungia njia," waliandika. Ndugu 3 waliweka alama ya kukubali.

Niliwajibu kama msomi. Niliwatumia ramani ya wingu. Niliwaeleza kwamba "hakuna kumbukumbu" maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika, si kwamba mlima ulikuwa umelala kweli. Nilieleza kwamba Bonde la Ufa linaloanzia huko Afar, ambako ardhi inapasuka taratibu, ndilo hilohilo lililochimba bonde la Ziwa Rukwa na kuacha Ufipa juu, na kwamba tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ya Rukwa yenyewe ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4. Dunia inapasuka bila kuagizwa na mtu. Binamu alijibu kwa upole: "Dada, hatubishi kwamba ni volkano. Tunauliza kwa nini juzi. Kwa nini wewe."

Mwanafunzi wa falsafa anajua swali hilo lina historia. Mwaka 1937 Evans-Pritchard alichapisha kitabu chake kuhusu uchawi kwa Waazande. Humo mna mfano wa ghala linalowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Waazande wanajua kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liliangukia watu hawa, saa hii. Mchwa wanaeleza kuanguka, uchawi unaeleza kukutana. Jibu tunalofundishwa sisi wa shule ni kwamba kukutana hakuna maelezo: ni bahati mbaya, basi.

Bado naamini jibu hilo ni la kweli. Hayli Gubbi haukumjua Babu. Ila kulala na jibu hilo kuligoma, na ilinichukua siku mbili kugundua sababu. Sababu ni kwamba lilikuwa linanifaa mno.

Sasa niseme nilichokuwa sijasema. Mjomba hakunipigia mara ya kwanza Jumapili. Alinipigia Alhamisi, tarehe 20. Alisema: "Mzee hali si nzuri. Anakuulizia. Ukiweza, njoo." Nilitafuta tiketi usiku uleule. Kulikuwa na ya Ijumaa na kulikuwa na ya Jumatatu. Ya Ijumaa ilizidi kwa rupia 18,000, karibu nusu milioni ya kwetu. Fedha hizo nilikuwa nazo, ingawa zingeniacha bila akiba. Tena Jumatatu asubuhi nilikuwa na kazi ya kuwasilisha pendekezo la tasnifu yangu. Ningeweza kumwomba mwalimu aniahirishie. Sikumwomba. Baadaye, nilipomweleza, alishangaa: kwa nini hukusema? Nikachagua Jumatatu. Nikamwambia Mjomba, "Nimepata ya Jumatatu," kwa namna ambayo mtu angesikia: hakukuwa na nyingine.

Ningeondoka Ijumaa usiku, ningefika Jumapili mchana. Babu alikuwa hai hadi saa mbili usiku.

Hapo ndipo nilipoona jinsi mambo mawili yalivyochanganyika, na jinsi nilivyoyaacha yachanganyike. Volkano ilininyima kaburi. Kumwona Babu akiwa hai nilijinyima mwenyewe, siku 3 kabla mlima haujalipuka. Hata kama anga lote lingekuwa jeupe, nisingemkuta. Watu wote walipokuwa wakisema "volkano imemzuia asimwone babu yake", walikuwa wanakosea hesabu, na mimi ndiye pekee niliyekuwa na karatasi ya hesabu hiyo.

Bernard Williams, katika insha yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili, anamzungumzia dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake. Dereva huyo, anasema, atasikia kitu ambacho mpita njia hasikii, na tungemshangaa asipokisikia, ingawa sote tutamwambia hana hatia. Usiku ule wa Jumanne nilijipaka rangi ya dereva huyo. Nilijiambia: nina majuto ya mtu asiye na kosa, majuto ya heshima. Lakini dereva wa Williams alikuwa amekagua breki zake. Mimi sikukagua. Nilitazama bei ya kuzikagua, nikaona ni kubwa.

Kuna atakayesema ninajionea. Mwanafunzi hana fedha, mzee angeweza kuishi mwezi mzima, nani ajuaye saa? Ni kweli. Nisingekuwa na hatia yoyote ya kutisha. Watu huchagua tiketi ya bei nafuu kila siku. Angeishi hadi Jumatano, uamuzi uleule ungeitwa busara. Sidai kwamba kosa langu lilikuwa kubwa. Nadai kwamba lilikuwa langu, na kwamba lilikuwa dogo kiasi cha kupotea kabisa chini ya kilomita 14 za majivu.

Fikiria nilivyokuwa nimepewa wasamehevu. Mjomba alinipa Mungu: kazi yake haina makosa. Binamu alinipa mchawi: mkono wa mtu. Mimi mwenyewe nilijipa volkano: bahati mbaya. Watatu hao hawafanani hata kidogo, na kwa miaka yangu yote ya shule nimefundishwa kuwatofautisha: huyu ni imani, huyu ni ushirikina, huyu ni sayansi. Lakini wiki ile wote watatu walinifanyia kazi moja. Kila mmoja alimaliza maelezo kabla hayajanifikia mimi. Nilimdhihaki binamu kwa kumtafuta mkono wa mtu. Mkono wa mtu ulikuwepo. Ulikuwa mkono wangu, ulioshika simu Alhamisi usiku na kubonyeza Jumatatu.

Hapa ndipo sayansi yangu ilipokuwa na unafiki. Nilikuwa sahihi kwamba bibi hakumfunga mtu njia. Lakini nilimtetea kwa ramani za majivu wakati nilikuwa na utetezi wa karibu zaidi, utetezi ambao usingehitaji mtu aamini habari za Toulouse wala Bonde la Ufa. Ningesema tu: "Jamani, ningeweza kuja Ijumaa, sikuja." Sentensi moja. Maneno ya bibi, akifa hutamwona, yalitimizwa na mimi. Sikuyasema, kwa sababu ramani hainigharimu kitu.

Wafipa tuna kumbukumbu ndefu ya kutupa uchawi. Miaka ya 1960 kundi lililoitwa Kamcape lilipita kijiji hadi kijiji huku kwetu likiahidi kuusafisha uchawi wote mara moja. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi Ufipa, aliandika juu yake mwaka 1968. Na kabla ya hapo, mwaka 1928, serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka Sheria ya Uchawi. Dawa na sheria, vyote vilimtafuta mchawi: dawa imnase yeye, sheria imwadhibu yeye au anayemtaja mwenzake. Hakuna kati ya hivyo kilichomuuliza anayenyamaza wakati mwingine anatajwa.

Nilifika nyumbani Jumamosi, tarehe 29. Mjomba alinipeleka kaburini moja kwa moja, na begi likiwa bado kwenye gari. Udongo ulikuwa umelowa, msalaba umeandikwa kwa rangi nyeupe. Nilipouliza habari za bibi, Mjomba aliangalia pembeni. Usiku wa Jumatano, baada ya mazishi, watu walirusha mawe juu ya bati la nyumba yake. Hakuumia. Alhamisi alfajiri binti yake alikuja kumchukua, akaenda naye Laela. Aliacha kuku.

Kumbe wakati mimi Delhi nikisoma Williams, mawe yalikuwa yanahesabiwa.

Jumapili baada ya Misa ukoo ulikaa. Wazee walizungumza mambo ya shamba na madeni ya msiba. Nilipopewa nafasi nilisimama nikasema yote: Alhamisi, Ijumaa, rupia 18,000, mwalimu ambaye sikumwomba. Nilisema bibi hakufunga njia yoyote, maana njia ilikuwa wazi siku 3 na mimi sikupita. Nilizungumza kwa Kiswahili, mama mkubwa mmoja akawatafsiria wazee wawili kwa Kifipa. Niliwatazama wakisikia mara ya pili.

Hakuna aliyenipa pole. Mjomba aliinuka akatoka nje, na kwa siku mbili hakunisemesha zaidi ya kuitikia salamu. Ilinichoma, lakini nilielewa kwamba hasira yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ya msiba, ilikuwa imefika kwenye anwani yake. Binamu alisema, "Hata hivyo, miaka 12,000..." kisha hakumaliza. Sijui kama nilimshawishi. Alifuta ujumbe wake kwenye kundi; hilo nililiona.

Siku iliyofuata nilimpigia bibi kwa simu ya binti yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefika?"

Nilimwomba msamaha. Nilimweleza, kama nilivyowaeleza wengine. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Kisha akauliza huo mlima uko wapi hasa. Nikamwambia ni jangwani, Ethiopia, kuna mahali panaitwa Afdera.

"Kuna watu?"

"Wapo, bibi. Wafugaji."

"Walipona?"

Nikamwambia habari nilizosoma zilisema hakuna aliyeripotiwa kufa, ila majivu yamefunika vijiji na malisho.

"Mbuzi wanakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeusoma mlima ule kwa wiki nzima: urefu wa wingu, miaka, injini, ratiba za ndege. Katika kundi la wanafunzi, katika kundi la ukoo, kwenye foleni ya Delhi, sote tulikuwa tukitafuta nani ametufanyia. Bibi, aliyerushiwa mawe kwa ajili ya mlima huo, ndiye wa kwanza niliyemsikia akiuliza umewafanyia nini wanaoishi chini yake.

Ninaandika haya nikiwa nimerudi Delhi. Tasnifu yangu imepitishwa. Mjomba tumeanza kuzungumza, kidogo kidogo, habari za mbolea na mvua. Bibi bado yuko Laela. Anasema atarudi mahindi yakikomaa, na kila nikipiga simu ananiuliza kuku wake wanalishwa na nani. Namwambia ni Mjomba.